Nainital: mahekalu, maziwa na milima yake. Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali mengi kati ya haya hutoka kwa wanafunzi wetu walioko vyuoni India, kwa waliosindikiza ndugu hospitali Delhi wakabakiwa na siku chache kabla ya ndege ya kurudi, na kwa watu waliokutana na picha ya ziwa la kijani lililozungukwa na milima wakataka kujua ni wapi. Penye mengi ya kusema tumesema mengi, na mengine tumeyajibu kwa mstari mmoja.

Nainital iko wapi?

Iko kaskazini mwa India, jimbo la Uttarakhand, katika nchi ya milima inayoitwa Kumaon, kama kilomita 300 kutoka Delhi. Uso wa ziwa uko mita 1,938 juu ya usawa wa bahari na mitaa ya juu inapita mita 2,000. Mtu wa Nairobi hatashtuka sana. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa atatweta kwenye ngazi siku ya kwanza, na si dalili ya ugonjwa.

Mji umelizunguka ziwa. Upande wa kaskazini unaitwa Mallital, wa kusini Tallital, na kati yao, ukingoni mwa maji upande wa mashariki, inapita barabara ya Mall Road. Ukizijua sehemu hizo tatu hupotei tena.

Kwa nini ziwa linaitwa takatifu?

Wahindu wanasimulia kwamba Sati, mke wa mungu Shiva, alijitupa motoni kwa uchungu baada ya baba yake kumdharau mumewe. Shiva akaubeba mwili akazunguka nao dunia akiomboleza, na viungo vyake vikawa vinadondoka mahali mbalimbali. Kila vilipoanguka pakawa mahali pa ibada. Hapa yalianguka macho yake. Pia yako masimulizi mengine, ya wahenga watatu, Atri, Pulastya na Pulaha, waliofika bondeni wakiwa na kiu, wakachimba shimo na kulijaza kwa maji ya ziwa Manasarovar lililoko Tibet. Kwa hiyo kwa mcha Mungu wa Kumaon, kuoga hapa ni kama kuoga kule Manasarovar.

Hadithi hizi si za kuwaburudisha watalii. Kabla ya Waingereza kuja, wenyeji walilichunga ziwa hili kiasi kwamba hawakutaka mgeni ajue liliko. Mwaka 1841 alifika mfanyabiashara wa sukari wa Kiingereza, P. Barron, akaliona, akalitaka. Inasimuliwa kwamba alirudi na mashua iliyobebwa na watu hadi juu mlimani, akamwalika Nar Singh, mwenye kudai ardhi ile, wakapige makasia pamoja. Walipofika katikati ya ziwa, Barron akatoa daftari na kalamu: ama Nar Singh atie sahihi ya kuachia ardhi, ama atupwe majini, na kuogelea hajui. Akatia sahihi. Watalii husimuliwa kisa hiki kama kichekesho. Mimi sioni cha kuchekesha ndani yake. Ndivyo mji ulivyoanza, na ni vizuri kukijua kabla hujapanda boti.

Asiye Mhindu anaruhusiwa kuingia hekalu la Naina Devi?

Anaruhusiwa, na hapaulizwi dini yako. Hekalu, ambalo ni la mungu wa kike wa macho yale yaliyoanguka hapa, liko ukingo wa kaskazini wa ziwa, Mallital, hatua chache tu kutoka majini. Unavua viatu mlangoni, unawaachia watunzaji, unaingia kwa miguu mitupu au soksi. Asubuhi za baridi sakafu inauma, kwa hiyo soksi nene zina kazi. Mavazi yawe ya kufunika mabega na magoti.

Chumba cha ndani kina sanamu tatu. Ganesh, mungu mwenye kichwa cha tembo, yuko upande mmoja, mungu wa kike aitwaye Kali upande mwingine, na katikati yuko mungu wa kike mwenyewe, naye anaonekana kwa macho mawili tu. Watu wanapita kwa foleni, wanasimama sekunde chache wakitazamana na macho yale, wanasogea. Kuhani anaweza kukupaka alama nyekundu kwenye paji la uso na kukutilia kiganjani vitamu vilivyobarikiwa. Ukipokea, pokea kwa mkono wa kulia. Usipotaka, unganisha viganja viwili kifuani, inamisha kichwa, upite, hakuna atakayekasirika. Usipige picha chumba cha ndani.

Nenda alfajiri au jioni wakati wa ibada ya taa. Kengele zinapigwa, taa za mafuta zinazungushwa mbele ya sanamu, na mwanga wake unaonekana majini. Saa sita mchana utakuta foleni ya watu na jua kali.

Ni kweli hekalu la zamani lilifukiwa na mlima?

Kweli. Tarehe 18 Septemba 1880, baada ya mvua kubwa iliyonyesha mfululizo, sehemu ya mlima ulio kaskazini mwa ziwa iliporomoka. Poromoko la kwanza lilikuwa asubuhi, likafukia watu kwenye eneo la hoteli moja iliyoitwa Victoria. Askari, maofisa na vibarua wakakimbilia kuwaokoa. Walipokuwa wangali wanachimba, mchana ukashuka mlima wenyewe, ukawafunika waokoaji pamoja na waliokuwa wakiokolewa. Walikufa watu 151. Hekalu nalo likabomolewa, na hili unaloliona leo linatokana na lile lililojengwa upya mwaka 1883.

Uwanja mkubwa wa tambarare ulioko mbele ya hekalu, unaoitwa Flats, ambako vijana wanacheza kriketi na mpira, ulipanuliwa na udongo ule ule. Watu wengi wanakula bisi pale wakisubiri jua lizame bila kujua wanakanyaga nini. Katika kanisa la St John in the Wilderness, upande wa Mallital, kuna kibao cha shaba chenye majina ya baadhi ya waliokufa. Ni mahali pa kimya palipozungukwa na mierezi, na mara nyingi hutakuta mtu. Nenda ukakisome.

Baada ya msiba huo ilijengwa mitaro ya mawe kutoka vilele hadi ziwani ili maji ya mvua yasiingie ardhini na kuilegeza. Ukitembea mjini utaivuka mara nyingi. Ukiona mfereji wa mawe ulio mkavu usitupe chupa humo: mvua ikija chupa yako itafika ziwani, na mfereji ulioziba ni hatari kwa wanaoishi chini yake.

Naweza kupanda boti? Kuna za mashine?

Za mashine hakuna. Kuna boti za makasia zenye mpiga makasia wake, za kukanyaga pedali, na mashua ndogo za tanga za klabu ya mji. Bei zimeandikwa gatini, lakini kubaliana na mwenye boti kabla ya kupanda. Chukua ya makasia. Wapiga makasia wengi wamekulia hapa na wanajua kila nyumba iliyo juu ya mlima. Vaa jaketi la kuelea hata kama wenzako hawavai. Ziwa lina kina cha hadi mita 27 na maji yake ni baridi.

Nimesoma kwamba ziwa linakauka. Ni kweli?

Halijakauka, lakini limewahi kushuka vibaya. Mwaka 2017, kabla ya mvua, kingo zilibaki wazi na tope likaonekana mahali ambapo watu walizoea kuona boti. Sababu ni zaidi ya moja. Ziwa ndilo linalonywesha mji, na watalii wanapojaa matumizi yanapanda wakati ule ule ambao mvua hakuna. Halafu kuna Sukhatal, bonde lililo juu kidogo ya mji, ambalo hujaa maji wakati wa mvua na kukauka baadaye. Maji yake huzama ardhini na kuibukia ziwani polepole. Bonde hilo limejengwa na kumwagwa kifusi miaka mingi, na kesi yake imefika mahakamani.

Kwa mgeni jambo hili lina maana moja: maji ya bomba la hoteli yako ni maji ya ziwa. Oga kwa ndoo, kama wenyeji wanavyofanya.

Theluji za Himalaya zinaonekana kutoka mjini?

Ukiwa kando ya ziwa, hapana. Mji uko ndani ya bakuli la milima. Inabidi upande ukingo wa bakuli. Njia rahisi ni Snow View, kwenye mita 2,270, unakopelekwa na gari la kamba kutoka Mallital kwa dakika chache. Hewa ikiwa safi utaona msururu mweupe upeo wote wa kaskazini: Trisul yenye mita 7,120, Nanda Kot, na Nanda Devi wenye mita 7,816, mlima ambao watu wa Kumaon wanauhesabu kuwa ni mungu wao wa kike mwenyewe na si makao yake tu. Kwa wanaopenda kutembea, Naina Peak ndio juu kabisa ya mji, zaidi ya mita 2,600. Njia inapita katikati ya mialoni na misonobari, na kupanda kunachukua kama saa mbili kwa mwendo wa kawaida.

Sasa sikiliza vizuri hapa, kwa sababu ndipo wageni wetu wengi wanapoumia. Wanakuja Juni, likizo za joto la Delhi, wanalipa tiketi ya gari la kamba, wanafika juu, wanaona ukungu. Mwezi wa Mei na Juni vumbi na moshi wa tambarare hupanda hadi huku. Julai hadi katikati ya Septemba ni mawingu ya mvua. Theluji inaonekana vizuri kuanzia Oktoba hadi Desemba, hasa asubuhi kabla ya saa nne. Ukiamka hotelini ukaona anga limetakata, acha chai, panda kwanza. Kufika adhuhuri mawingu yanakuwa yameshaanza kujikusanya juu ya vilele.

Tiffin Top bado ipo?

Kilima kipo, lakini jukwaa la mawe lililokuwa juu yake, lililojulikana kama Dorothy's Seat, liliporomoka Agosti 2024 wakati wa mvua. Picha nyingi mtandaoni bado ni za kabla ya hapo. Uliza mjini kama njia imefunguliwa kabla ya kuanza kupanda, na ukikuta kizuizi usikiruke.

Maziwa mengine ni yapi, na lipi linafaa zaidi?

Wilaya hii ina maziwa mengi, na ukiniuliza, ukishaona Nainital siku ya kwanza, siku ya pili toka mjini.

Bhimtal liko kama kilomita 22, chini kidogo, mita 1,370. Ni kubwa kuliko la Nainital, lina kisiwa katikati chenye tangi la samaki la maonyesho, na kando ya bwawa lake kuna hekalu la Bhimeshwar lililojengwa karne ya 17 na mfalme wa Kumaon, Baz Bahadur Chand. Ni la mawe, dogo, na wageni wengi hulipita kwa gari bila kugeuza shingo.

Naukuchiatal liko kilomita nne au tano mbele ya Bhimtal. Lina pembe tisa na ndilo lenye kina kikubwa kuliko yote, karibu mita 40. Wenyeji wanasema atakayeziona pembe zote tisa kwa mtazamo mmoja ameondoka duniani na kufika kwa Mungu.

Khurpatal unaliona kutoka barabarani ukishuka kuelekea Kaladhungi, chini bondeni, limezungukwa na mashamba ya mboga yenye ngazi. Simama, tazama, endelea.

Sattal ndilo langu. Ni maziwa saba madogo yaliyounganika ndani ya msitu wa mialoni na misonobari, na ujenzi kando yake ni mdogo. Wapenda ndege wanakuja kutoka kila pembe ya dunia, wanakaa kimya saa nzima wakisubiri ndege mmoja wa buluu atue kwenye kijito. Ufukweni kuna makao ya sala ya Kikristo yaliyoanzishwa mwaka 1930 na mmisionari Mmarekani E. Stanley Jones. Usiende Jumapili ya Mei. Nenda siku ya kazi, asubuhi, na uende na chakula chako.

Kainchi Dham ni nini, na mbona kila mtu anapataja?

Ni ashramu, yaani makao ya kiroho, na hekalu la Hanuman, mungu mwenye umbo la nyani, lililo barabara ya kwenda Almora, kama kilomita 17 kutoka Nainital, ndani ya bonde lenye mto. Lilianzishwa mwaka 1964 na Neem Karoli Baba, mtu wa Mungu aliyekuwa akijifunika blanketi na kukataa kuhubiri. Alifariki Septemba 1973. Mwaka uliofuata kijana Mmarekani aitwaye Steve Jobs, ambaye baadaye alianzisha Apple, alikuja India akimtafuta, akakuta amekwisha kufariki. Miaka mingi baadaye Mark Zuckerberg wa Facebook naye alifika hekaluni kwa ushauri wa Jobs, na akalieleza hilo hadharani mwaka 2015 mbele ya waziri mkuu wa India, Narendra Modi. Baada ya hapo umati haukupungua tena.

Tarehe 15 Juni kila mwaka ni sikukuu ya kuanzishwa kwake. Watu wanafika kwa maelfu mengi, barabara inafungwa, na kila anayefika anagaiwa malpua, mikate mitamu ya kukaangwa. Kama hukuja kwa ibada, usipange safari wiki hiyo. Siku nyingine, hasa asubuhi mapema, ni mahali pa utulivu kweli. Picha ndani haziruhusiwi na simu inabaki mfukoni.

Hekalu lenye kengele nyingi na barua zilizotundikwa ni lipi?

Hilo ni la Golu, liko Ghorakhal, karibu na mji mdogo wa Bhawali. Lipo lingine la Golu, maarufu zaidi, kule Chitai karibu na Almora. Kama una nafasi ya hekalu moja tu nje ya Nainital, nenda hili la Ghorakhal.

Golu ni mungu wa haki. Aliyedhulumiwa shamba, aliyezungushwa mahakamani miaka kumi, mwanamke aliyetelekezwa, mwanafunzi aliyefeli asivyostahili, wote wanamwandikia. Na hawaandiki kwa mkato: wengine wananunua karatasi rasmi ya stempu, ile ile ya mahakamani, wanaandika mashtaka yao kwa tarehe, majina na mpangilio wa hoja, wanaitundika hekaluni kwa uzi. Haki ikipatikana, mlalamikaji anarudi na kengele. Ndiyo maana hekalu zima limefunikwa kengele, kuanzia ndogo kama kidole gumba hadi za kubebwa na watu wawili, zimefungwa kwenye vyuma, kwenye ngazi, kwenye matawi. Upepo ukivuma unasikia sauti za kesi zilizokwisha. Barua zisome kama unajua Kihindi, lakini usizipige picha. Zina majina ya watu.

Hadithi yake ni hii. Mfalme wa Champawat alikuwa na wake kadhaa wasiozaa, akaoa mwingine, Kalinka. Huyu akapata mimba. Siku ya kujifungua wake wenza wakamfunga kitambaa machoni, wakamwiba mtoto na kumwekea jiwe la kusagia mahali pake. Wakamwambia, "Umezaa jiwe." Mtoto wakamfungia ndani ya sanduku, wakalitupa mtoni. Mvuvi akaliopoa, akamlea. Mtoto akakua, akaijua siri yake. Siku moja akapanda farasi wa mti, akaenda kwenye maji walipokuwa wale malkia, akawaambia, "Sogeeni, farasi wangu anywe." Wakamcheka: "Tangu lini farasi wa mti akanywa maji?" Akajibu, "Kama mwanamke anaweza kuzaa jiwe, farasi wa mti atashindwaje kunywa maji?" Maneno yakamfikia mfalme, kijana akaulizwa, akaeleza, na mama yake akarudishiwa heshima.

Bibi yeyote wa pwani angeweza kuisimulia hadithi hii na watoto wasijue kwamba imetoka mbali.

Mukteshwar inastahili safari ya siku nzima?

Inastahili. Ni kama kilomita 50, mita 2,285, na hewa yake ni safi kuliko ya Nainital. Hekalu la Shiva liko juu kabisa kwa ngazi za mawe, na nyuma yake kuna jabali la Chauli ki Jali linaloning'inia juu ya bonde. Hapana uzio wa kutegemewa; shika watoto mkono.

Mukteshwar ina jambo jingine linalowahusu wafugaji wetu. Tangu mwaka 1893 kuna maabara ya mifugo pale, iliyopelekwa juu mlimani kwa sababu ilikuwa inashughulika na sotoka, na walitaka mahali palipotengwa na penye baridi. Ni miaka ile ile ambayo sotoka ilimaliza ng'ombe wa Wamasai na wa majirani zao. Katika miaka ya 1920, mtafiti J. T. Edwards alipitisha kirusi cha sotoka ndani ya mbuzi mara nyingi hadi kikapungua makali, kikawa chanjo ya ng'ombe. Baadaye Kabete, Kenya, nako walitengeneza chanjo yao kwa njia hiyo hiyo ya mbuzi. Mwaka 2011 dunia ilitangaza kwamba sotoka imetokomea. Majengo ya taasisi bado yapo na bado yanafanya kazi.

Jim Corbett wa Nainital ndiye yule aliyezikwa Nyeri?

Ndiye. Alizaliwa Nainital tarehe 25 Julai 1875. Baba yake alikuwa mkuu wa posta wa mji. Alijulikana kwa kuwawinda simbamarara na chui waliokuwa wakila watu Kumaon, na baadaye kwa kutetea wanyama wale wale wasiuawe. Baada ya India kupata uhuru, mwishoni mwa 1947 yeye na dada yake Maggie walihamia Kenya, wakaishi Nyeri katika nyumba ndogo ya Paxtu ambayo kabla yao alikaa Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti. Usiku wa Februari 1952 ambao Elizabeth aligeuka malkia akiwa Treetops, Corbett alikuwapo. Alifariki Aprili 1955, na kaburi lake liko kwenye makaburi ya kanisa la St Peter's, Nyeri, aliko pia Baden-Powell.

Nainital, nyumba ya familia, Gurney House, bado imesimama lakini ni ya mtu binafsi. Penye wazi kwa wageni ni Kaladhungi, kama kilomita 30 chini, nyumba yake ya majira ya baridi ambayo sasa ni makumbusho. Pale kijijini kuna kitu kinachosema zaidi kuliko bunduki na picha: ukuta wa mawe alioujenga kuzunguka mashamba ya wanakijiji ili nguruwe mwitu na swala wasile mazao. Mbele zaidi, Ramnagar, ndiko lango la hifadhi ya kwanza ya taifa ya India, iliyoanzishwa mwaka 1936 na kupewa jina lake baada ya kufa kwake.

Mimi ni Mwislamu. Nitapata pa kuswali?

Msikiti wa Ijumaa uko Mallital, karibu kabisa na uwanja wa Flats. Ukisimama katikati ya uwanja huo utauona msikiti, hekalu la Naina Devi na gurudwara ya Masingasinga bila kusogea, na kanisa la Methodisti, lililoanza mwaka 1858, liko jirani. Hoteli za vyakula vya Kiislamu zipo eneo hilo, uliza msikitini.

Niende mwezi gani?

Kwa theluji za mbali, Oktoba na Novemba. Kwa maua na jua jepesi, Machi na Aprili. Desemba hadi Februari ni baridi kali, usiku hufika sifuri, na mara nyingine theluji hudondoka mjini kwenyewe. Mei na Juni epuka ukiweza: foleni ya magari huanzia mbali chini, na polisi wamewahi kuwarudisha wasio na chumba kilicholipiwa. Julai na Agosti barabara hukatwa na maporomoko.

Lakini kuna sababu moja ya kustahimili mwisho wa mvua, nayo ni sikukuu ya Nanda Devi, Agosti au Septemba kulingana na mwandamo wa mwezi. Wanakwenda kijijini kuchagua migomba, wanaiombea, wanaikata na kuileta mjini kwa maandamano ya ngoma. Vigogo hivyo vya migomba ndivyo vinavyokuwa miili ya miungu wawili dada, Nanda na Sunanda: vinavishwa nguo, vinawekewa nyuso za kitambaa zilizopakwa rangi kwa mkono, pete puani na mapambo yote ya bibi harusi. Kwa siku kadhaa mji mzima unapita mbele yao. Mwisho wanabebwa kwenye machela kuzunguka mji, wanawake wanalia kama wanaomuaga binti anayekwenda kwa mumewe, na sanamu zinazamishwa ziwani. Mtu aliyekulia Bukoba au Moshi, kwenye migomba mlangoni, atayatazama hayo kwa jicho jingine kabisa.

Nafikaje kutoka Delhi?

Treni hadi Kathgodam, kituo cha mwisho wa reli, kisha teksi au gari la kuchangia kilomita 35 za kona hadi juu. Ranikhet Express huondoka Delhi usiku na kufika alfajiri. Ipo pia Shatabdi ya mchana. Tiketi huisha mapema, kata wiki kadhaa kabla. Basi zipo za usiku kutoka stendi ya Anand Vihar, Delhi. Uwanja wa ndege wa karibu ni Pantnagar, kama kilomita 70. Anayetapika kwenye kona akae kiti cha mbele na ale kidogo.

Kuhusu viza, raia wa Kenya, Tanzania na Uganda huomba kwa mtandao kwenye tovuti ya serikali ya India. Jihadhari na tovuti za kuigiza zinazotoza zaidi. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano iliyochomwa angalau siku 10 kabla.

Ninaye mzee aliyetoka hospitali Delhi. Namleta?

Muulize kwanza daktari wake, hasa akiwa amefanyiwa upasuaji wa moyo au mapafu. Akiruhusiwa, chukua hoteli ya Mall Road yenye ngazi chache, kwa sababu nyingi ziko mlimani. Jioni za msimu magari hayaruhusiwi Mall Road, lakini bajaji za umeme hupita. Naina Devi anafika bila kupanda, Bhimtal vilevile. Naina Peak hapana.

Nile nini?

Viazi vya kukaanga vya Kikumaoni, aloo ke gutke, vilivyokolezwa pilipili kavu na mbegu za bhang, ambazo ni kiungo cha kawaida huku na hazilevyi. Dengu nyeusi za bhatt na wali. Mei na Juni watoto wanauza kafal kandokando ya barabara, matunda madogo mekundu ya porini. Bal mithai ni kitamu cha maziwa kilichopikwa hadi kikawa cha kahawia na kuviringishwa kwenye punje nyeupe za sukari; kimetoka Almora na kinastahimili safari hadi nyumbani.

Siku ngapi zinatosha?

Tatu: moja ya mji, moja ya Sattal na Bhimtal, moja ya Ghorakhal na Kainchi. Mukteshwar inataka ya nne.

Nyani wanasumbua?

Wapo wengi, wa aina mbili. Wale wenye uso mweusi na mkia mrefu ni wapole. Wale wa kahawia wenye uso mwekundu ndio wa kuangalia, hasa njia ya hekalu la Hanuman Garhi na nje ya mahekalu mengine, kwa sababu wamezoea kupewa. Usibebe chakula mkononi, usiwakazie macho, na funga dirisha la chumba hata kama unatoka dakika tano.